Kitenzi cha Langoni

Mwalimu wa Kichina alichora herufi ubaoni, akasema inasomwa wàng: kutazama mbali huku ukitumaini. Sauti, alituonya, hushuka ghafla, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Zamani iliandikwa kwa jicho kubwa juu ya mtu aliyesimama.

Darasa zima likageuka kumtazama Bawabu.

Tulimwita hivyo kwa sababu kila Jumapili ya wageni alishinda dirishani, macho langoni. Mama yake alikuwa yaya mji wa mbali, na likizo zake walizipanga wenye watoto. Tangu Bawabu aanze shule, alikuwa hajawahi kuja.

Mimi, kwa kosa la uongozi ambalo historia italihukumu, nilikuwa kiranja wa kipaza sauti. Mgeni havuki lango hadi mwanafunzi wake aitwe, aje kumchukua. Na kwa kuwa elimu bila vitendo ni bure, Jumapili hiyo nilitangaza kwa sauti ya mazishi: "Bawabu, mama yako yuko langoni."

Alitoka mbio, shati nusu nje. Akasimama akiikodolea barabara macho, huku na huku. Sisi juu, madirishani mwa bweni, tukamwimbia: "Wàng! Wàng!"

"Mmenipata, jamani," alisema aliporudi.

Jumapili iliyofuata tukampata tena. Baadaye akawa haendi mbio, anatembea. Kisha akaacha kwenda kabisa.

Karibu na kufunga shule, mlinzi alinipigia simu. "Kuna mama hapa anamtaka mwanawe. Kapewa ruhusa ya leo tu, na basi lake linaondoka saa kumi."

Nikatangaza. Nikarudia. Hatimaye nikapanda hadi bwenini kwa miguu yangu mitukufu. Bawabu alikuwa amelala chali, kitabu usoni.

"Mama yako kaja. Kweli."

"Msalimie."

"Naapa!"

"Apa vizuri basi, maana Mungu mwenyewe ameshakuzoea."

Bweni likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Haki ya mtu mpe.

"Chungulia tu dirishani, ndugu yangu."

"Dirisha nimewaachia nyinyi."

Nilimvuta mguu, akanitwanga teke. Nikachungulia mwenyewe. Mwanamke mfupi alikuwa ameshika vyuma vya lango kwa mikono miwili, akijiinua kwa ncha za vidole kila mvulana alipokatiza uwanjani. Kengele ya saa kumi ikalia. Mlinzi akamgusa bega, akamwonyesha barabara. Mama akaondoka kinyumenyume, uso bado kwetu, mpaka basi likampigia honi.

Nyuma yangu Bawabu alikuwa akikoroma kwa nguvu, makusudi, tujue kwamba leo hatukumpata.