Wifi Hatupi Kitu

"Mama, hivi humu ndani mnaishi watu au yanaishi makopo?"

Jirani yetu fundi baiskeli aliniuliza hivyo siku alipokuja kuazima ngazi. Alikuwa ameangusha mnara wa makopo ukumbini, na wifi yangu alikuwa akiyaokota moja moja huku akimtazama kama mtu aliyekanyaga kifaranga.

Wifi ni mdogo wa marehemu mume wangu, tunakaa pamoja, na ndiye mwenyekiti wa Hatutupi, chama cha akina mama wa mtaa wetu cha kupunguza taka. Simsingizii, kazi yake ni njema. Zamani mtaro ulikuwa umezibwa na mifuko ya plastiki, mvua ikinyesha viatu vinaelea. Leo kila nyumba ina ndoo ya maganda ya kupeleka bustanini, na sokoni tunakwenda na vikapu vyetu. Gari la taka likipita, wifi husimama mlangoni mikono mitupu, kidevu juu, kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha.

"Hatuna kitu leo, baba. Pita salama."

Kweli, kwetu hakikutoka kitu. Vyote vilikwenda chumba cha nyuma, vilivyozidi vikamwagikia ukumbini.

Basi binti yangu akapiga simu kwamba anakuja kujifungulia kwangu. Mimba imekuwa kubwa, daktari kamkataza kupanda ngazi, na wao wanakaa ghorofa ya juu kabisa. Nyumba yetu ina vyumba vitatu: changu, cha wifi, na cha makopo.

"Wifi, mtoto atalala wapi?"

"Kwani kichanga kina ukubwa gani?"

"Na mama yake je? Tumkunje?"

"Vile vitu vitakuja kufaa, wifi. Kuwa na subira."

"Subira ninayo. Mimba ndiyo haina."

Ningeweza kumwita mtu wa mkokoteni avizoe vyote wifi akiwa mkutanoni. Lakini mwenyekiti wa Hatutupi atupiwe vitu nyumbani kwake mwenyewe, uso angeuweka wapi? Na marehemu aliniusia nikae vizuri na dada yake. Nikasali, nikatulia. Zamu yetu ya kupokea mkutano wa chama ilipofika, nikawaambia akina mama kwamba ukumbi mdogo, tukae chumba cha nyuma. Nikafungua mlango kabla wifi hajameza mate.

Katoni moja ikaporomoka yenyewe, ikaja kutupokea.

"Makubwa haya! Mwenyekiti," akasema mwenzetu fundi cherehani, "kumbe gari la taka hulala kwako?"

"Hizo si taka! Ni mali zinasubiri kazi."

"Zinasubiri tangu lini? Gazeti hili linasema mvua zinakuja. Zimekuja, zimeondoka, zimerudi tena."

Watu wakaangua kicheko. Wifi akauma mdomo, lakini mabega yakitikisika kwa kicheko yalimsaliti.

"Si wewe uliyetufundisha kwamba kitu kisicho na kazi ni taka iliyojificha?" akadakia mama mtengeneza sabuni. "Mimi nahangaika kutafuta chupa mtaa mzima, kumbe wewe umezifungia ndani kama wari wa unyago!"

Wifi akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Chukua," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Ila uzioshe kwa maji ya moto."

Baada ya hapo hakukuwa na mkutano tena. Chupa zikaenda kwa sabuni, vitambaa vikaenda kwa fundi cherehani akajazie mito, na fundi baiskeli akaitwa dirishani akabeba mipira ya matairi. Kila kitu wifi alikiaga kwa maelekezo. Sakafu ikaonekana. Kisha kikaonekana kitanda.

Kitanda cha kaka yake. Ndicho alichougulia, na hapo ndipo alipokata roho. Mchana mimi nilikuwa kazini, wifi ndiye aliyemlisha. Miaka yote hii nilidhani ni uroho wa makopo. Kumbe alikuwa akikifunika kile kitanda, katoni juu ya katoni, asije akalala mtu mwingine.

Fundi cherehani, asiyejua lolote, akalipiga godoro kofi, vumbi likaruka. "Hili bado zima kabisa! Nani ana haja ya godoro?"

Wifi alisimama mkono juu ya ubao wa kichwani. Nikamsogelea.

"Wifi, ukisema hapana, binti atalala kwangu. Mimi nitatandika mkeka ukumbini. Wala sitakulaumu."

"Wewe na magoti yako hayo?" akasema. "Asubuhi tukuinue kwa winchi?"

Wenzetu wakacheka, halafu wakanyamaza walipomwona anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Anakuja lini?"

"Kesho kutwa."

Akalikunja godoro, akalikumbatia kwa mikono miwili, akapita katikati yetu, akatoka nalo kwenda kulianika juani.