Sauti Nyuma ya Mtungi

Mama hakuvua viatu. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichoona alipoingia chumba cha Kubai cha kurekodia, mtaa wa Chechelesi. Kila mtu huacha viatu mlangoni. Yeye alikanyaga mkeka, akasimama katikati ya magodoro makuukuu tuliyotundika ukutani kuzuia kelele.

"Karibu, Mama Siyad," Kubai akasema. "Keti."

"Sijakuja kuketi. Mwanangu yuko wapi hapo ndani?"

Alikuwa akionyesha kompyuta.

Ndugu yangu Siyad alikufa mwezi uliopita, lori la mbuzi lilipopinduka barabara ya Garbatulla. Mchana alikuwa utingo. Jioni alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya watu watatu: yeye, Kubai wa besi, na Akal aliyepiga mtungi wa plastiki badala ya ngoma. Nyimbo zao zilikuwa vituko: ngamia aliyekataa kupanda lori, mbuzi aliyekula shela ya bibi harusi. Albamu yao mpya ilikuwa tayari, bado kutolewa tu. Mimi niliitikia viitikio nikiwa nimewapa mgongo, maana mbele ya watu sauti yangu hukauka.

Mama anaamini, kama wazee wengi wa kwetu, kwamba wimbo wa marehemu ukichezwa, marehemu huyo huongezewa mzigo wa dhambi kaburini.

"Toa sauti yake tu," akasema. "Gitaa ni mbao. Mbao haina dhambi."

"Nafiso anaweza kuimba mahali pake," Kubai akasema. "Anazijua zote."

"Nafiso gani?" Akal akauliza, akiwa ameketi juu ya mtungi wake. "Huyu anayejibu salamu kwa kichwa?"

Nikakubali kwa kichwa. Wakacheka. Mama naye alikaribia kucheka.

Kubai akafuta sauti ya Siyad, kisha akacheza wimbo wa mbuzi ili Mama ahakikishe. Gitaa likaingia, mtungi ukafuata. Halafu nyuma ya mtungi, kama mtu aliye chumba cha pili, Siyad akaimba.

Mama akashika kifua. "Si umesema umemtoa?"

"Tulirekodi pamoja, Mama, na chumba ni hiki kimoja. Maikrofoni ya mtungi ilimsikia. Ya gitaa pia."

"Basi mtoe na huko."

"Hatoki. Labda nifute kila kitu."

Wimbo uliendelea. Ukafika pale Siyad anaposhindwa kuzuia kicheko. Mama akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Futa kila kitu."

"Mama Siyad," Akal akasema, "hatuna nakala nyingine. Hii ndiyo kazi yetu yote."

"Akal, wewe umekula kwangu tangu utotoni. Kama ungekuwa wewe umelala huko, na mama yako amekuja kuomba hivi, Siyad angemkatalia?"

Akal akainama. Kubai akanitazama mimi, dada wa marehemu. Lakini kwetu binti hampingi mama yake mbele ya watu wa nje. Nilingoja Akal aseme kitu kingine. Kubai akabonyeza kitufe, albamu yote ikafutika.

Tulirudi mtaani kwetu, Kiwanjani, kwa miguu. Mama alitangulia, akisoma dua kwa sauti ya chini. Karibu na nyumbani akasimama kunisubiri, akanishika mkono.

"Sasa atapumzika," akasema.

Alikuwa anangoja niseme amina. Badala yake maneno mengine yakatoka, na hayakutoka kwa kunong'ona.

"Mama, mimi siamini kwamba Mungu anamwadhibu mtu kwa kuwachekesha watu."