Mama Mdogo wa Houda

Mtaa mzima wa Buyenzi ulijua kwamba Houda, binti wa Zubeda mshona nguo, amepata bourse ya wanafunzi bora. Zubeda alihakikisha unajua. Aliyeleta sketi ya kupunguza aliambiwa, aliyekuja kuomba chumvi aliambiwa, hata mwadhini aliyekuwa akijipitia zake alisimamishwa akaambiwa. Na alikuwa na haki. Waliomba mamia, wakachukuliwa wachache, nao watasomeshwa chuo kikuu bure mpaka mwisho. Bila bourse hiyo Houda angebaki barazani akishikiza vifungo.

Kilichomkera ni sherehe ya kuwapokea.

"Bazazi habakubaita, mama," Houda alimwambia, macho kwenye simu. "Ni ya banafunzi tu."

Asubuhi ya sherehe, Houda ameshatoka, redio ikawakaribisha wazazi wote. Zubeda akaelewa, au alidhani ameelewa: mtoto ananionea haya, sijui Kifaransa. Iliuma. Lakini mzazi hasusi furaha ya mwanawe, basi akavaa kanzu yake ya Idi akaenda Kigobe kwenye sherehe.

Ukumbini alikaa nyuma, karibu na mama mmoja mnene wa Uvira, mcheshi, aliyejitambulisha kuwa Ernestine. Mbele, Madame mkuu wa bourse alimwita Houda, akamshika bega, akasema kwa muda mrefu kwa sauti ya kutetemeka. Watu wakaanza kufuta machozi. Zubeda, ambaye Kifaransa chake kinaishia kwenye bonjour na bei za vitambaa, alimgusa jirani yake.

"Anasema nini juu ya ule mutoto?"

"Aah, masikini! Mama yake alikufa. Mutoto alimuuguza peke yake, anasomea examen pa kitanda ya hôpitali. Alibaeleza siku ya kumuuliza maswali, bote bakalia."

Zubeda alijipapasa kifuani kama mtu anayetafuta funguo. Baba yake Houda ndiye aliyetoweka, alifuata mke mwingine. Lakini baba mtoro halizi mtu, mji umeshawazoea. Mama aliyekufa ndiye mwenye thamani. Houda aliliona hilo upesi. Ana akili, si wamesema wenyewe?

Madame akaomba watu wasimame, wamnyamazie marehemu kwa dakika moja. Viti vikakwaruza. Hapo ndipo Houda alipomwona. Uso ulimshuka, midomo ikamcheza, na Zubeda akajua kwamba yeye akitamka neno moja tu, bourse imekwenda na maji. Akasimama. Alijinyamazia mwenyewe, mikono mbele, na moyo ulimuuma kuliko siku aliyomzaa.

"Na weye," Ernestine aliuliza walipoketi, "mutoto wako ni nani?"

"Ni huyu wa marehemu."

"Yesu wangu! Basi weye ni nani wake?"

"Mama yake mudogo."

Ernestine alimkumbatia, akampa pole ya dada yake.

"Mungu amurehemu," Zubeda akajibu. Angesema nini tena?

Sherehe ilipokwisha, Ernestine, kwa wema wake usio na breki, alimburuta hadi mbele. Madame akamshika mikono yote miwili, akamgeukia Houda na kuuliza kitu.

"Oui, Madame," Houda alijibu. "C'est ma tante."

Kifaransa hicho Zubeda alikielewa: tante ni mama mdogo.

Jioni Houda alirudi na shada la maua. Akasimama mlangoni. Ndani, cherehani ilikuwa ikilia.

"Mama."

Cherehani haikusita.

"Mama, nisamehe. Benye alama muzuri tulikuwa bengi. Ningefanya nini?"

Zubeda akageuza kitambaa, akaendelea na upindo. Houda akaita tena, akaita mpaka sauti ikakatika kwa kilio. Mwishowe, polepole, akasema:

"Mama mudogo."

Cherehani ikanyamaza.

"Karibu, mutoto wa dada yangu," Zubeda alisema. "Chakula yako iko jikoni."