Ndege ya Siku Ileile

Kuna watu wana kichwa kigumu, halafu kuna Dakika. Jina hilo alipewa karakanani, kwenye uwanja wa ndege alikokuwa fundi mkuu, kwa sababu ndege ikichelewa kuruka hata kidogo tu, alizunguka huku na huko kanuna kama aliyetukaniwa ukoo. Jina lenyewe alilipenda. Likamkaa mpaka mkewe naye, kule saluni kwake alikokuwa akisuka, wateja wakawa wanamwita Mama Dakika, na wala hawakuwa na mtoto wa jina hilo.

Sasa sikilizeni ubishi ulivyoanza. Mama Dakika alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, Dada Mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimwogesha, akamsomesha, akamwozesha, kisha yeye mwenyewe akahamia ng'ambo na mumewe, wakabaki watu wa simu. Mwaka ule Dada Mkubwa akapiga simu kusema macho yake yanazimika. Daktari hakumzungusha: atabaki na mwanga kidogo kwa muda, kisha basi. Na kupanda ndege akamkataza kabisa.

"Nataka nikuone uso wako, mdogo wangu, ningali naona," akasema.

Akapata njia. Angekuja kwa meli ya kitalii. Meli hiyo ingelala usiku mmoja kwenye bandari ya upande wa pili wa nchi, kesho yake mchana ingeondoka kuzunguka nchi za watu na kumrudisha kwao. Alikuwa ameshawakatia tiketi mdogo wake na shemeji yake, waungane naye pale bandarini, wakae pamoja baharini safari yote. Ila aliomba kitu kimoja: wafike siku moja kabla. Alikuwa amechukua chumba hotelini, kina vitanda viwili, ili yeye na mdogo wake walale wakipiga soga kama zamani.

Mama Dakika akamweleza mumewe jikoni, huku akifuta vyombo. "Twende siku moja kabla, baba watoto. Meli haina subira."

"Kwa nini siku moja kabla, na ndege ya asubuhi ipo?"

"Ikichelewa je?"

Lo! Bora angemtukana. Dakika aliweka kikombe mezani kwa kishindo.

"Ichelewe ndege gani? Ndege zangu?"

"Sijasema zako. Nimesema ndege."

"Zinatoka karakana gani, basi? Mimi ndiye ninayezifungua na kuzifunga, halafu leo nikalale hoteli kwa kuziogopa! Kazini watanicheka mpaka nistaafu."

"Basi nitangulie mimi. Wewe utanifuata asubuhi."

"Ndiyo utanimaliza kabisa! Watu waseme mke wa Dakika katangulia kwa sababu hamwamini Dakika. Uso wangu nitauficha wapi?"

Hebu niambieni, hapo mwanamke ana kosa gani? Hana hata chembe. Lakini wapo wanawake wanaochoka kubishana mapema kwa kupenda amani, na Mama Dakika alikuwa mmoja wao. Alifuta sahani ileile mara nyingi mno, kisha akasema, "Haya. Nakuamini." Akampigia dada yake. Dada Mkubwa akajibu kwamba shemeji anaijua kazi yake, wala wasigombane kwa ajili yake, watakutana mchana melini. Dakika alisikia yote hayo, akatabasamu. Alijiona kashinda.

Siku ya safari ikafika. Dakika alivaa suti, kalamu mfukoni, viatu vinang'aa. Alimwacha mkewe kwenye ukumbi wa abiria, yeye akapita geti la wafanyakazi kwenda kuwaaga mafundi wake, maana mtu kama yule hawezi kupanda ndege bila kuikagua. Alipomaliza majivuno yake huko, akarudi, wakapanda, wakaketi. Mama Dakika alikuwa na begi dogo mapajani, ndani mna picha za watoto alizokuza makusudi ili dada yake azione bila taabu.

Mlango ukafungwa. Ndege ikakaa. Rubani akatangaza kwamba kuna ukaguzi mdogo, abiria wawe na subira.

"Kidogo tu hiki," Dakika akawaambia majirani zake kwa sauti ya kusikika na safu tatu. "Hapa tunaruka sasa hivi. Mimi ndiye fundi mkuu."

Sasa hivi ikapita, ikaja sasa hivi nyingine. Mlango ukafunguliwa tena. Mama Dakika alianza kutazama saa, akaivuta mikono ya blauzi kuifunika, akaitazama tena. Ndipo simu ya Dakika ilipoita. Aliyepiga ni Kimya, fundi wake wa miaka mingi, mtu mpole asiyependa maneno.

"Bosi, samahani kukusumbua. Kile kioo chenye mkono mrefu hakipo ubaoni. Kibati hakuna. Tumeshafungua vifuniko vya injini yote ya kushoto, hatukioni."

Niwaeleze ndugu zangu. Pale karakanani kila kifaa kina nafasi yake ubaoni, umbo lake limechorwa kwa rangi. Anayechukua kifaa anatundika kibati chenye jina lake mahali pake. Ubao usipojaa, ndege waliyoishughulikia hairuki, hata awepo rais ndani, kwa sababu kifaa kilichosahaulika kwenye injini kinaweza kuua watu wote. Sheria hiyo aliishikilia Dakika mwenyewe kama roho yake. Alishawahi kuwafokea watu wazima kwa ajili ya bisibisi moja mpaka wakalia.

Na kioo chenyewe ni kidogo, cha duara, kwenye fimbo inayokunjika ikawa kama kalamu. Fundi hukitumia kuchungulia pasipofika jicho.

Ikawa kama kalamu! Dakika alipeleka mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kalamu moja. Kalamu ya pili. Na kitu cha tatu, cha baridi.

Alikumbuka vizuri: asubuhi ile aliuendea ubao na suti yake, akakichukua kioo kuchungulia chini ya bawa, ili kuwaonyesha tu kwamba hata siku ya likizo jicho lake halilali. Kibati hakutundika. Vibati ni vya mafundi wadogo. Yeye ni Dakika.

"Bosi? Upo?"

"Tafuteni vizuri," akasema Dakika, na simu akaikata.

Angesimama wakati ule, akasema, "Jamani, ninacho mimi," ndege ingeruka, na shemeji yake angemkuta mdogo wake ngazini. Neno moja tu! Lakini aliwaona majirani aliowatambia, akawawaza mafundi aliowafokea, akamwona mkewe kando yake anayemwamini, ulimi ukawa mzito. Alijiambia atasema rubani akitangaza tena. Rubani akatangaza tena. Akajiambia atasema mtoto yule wa nyuma akinyamaza kulia. Mtoto akanyamaza, akalala. Mwanaume mzima kakaa na kioo kifuani, anajitia hamnazo, anafungua jarida na kulifunga.

"Wamesema nini?" mkewe akamuuliza.

"Wanatafuta kifaa."

"Mungu wangu. Dada ananisubiri. Meli ile haitatungoja." Akamshika mkono. "Wewe ni mkubwa wao. Hakuna unachoweza kufanya?"

Swali hilo ndilo lililomnyanyua, ila halikumnyanyua kwenda kusema kweli. Alikumbuka kwamba asubuhi Kimya alibadilisha taa kwenye choo cha nyuma. Akaenda choo hicho, akajifungia, akajitazama kwenye kioo cha ukutani na kuona hapendi anachokiona. Kisha akatoka ameinua mkono juu.

"Nimekipata! Kilikuwa nyuma ya sinki."

Ndege nzima ilimpigia makofi. Mhudumu alimpa mkono. Mzee mmoja wa safu ya mbele alisema watu kama hawa ndio wanaotakiwa nchini. Mama Dakika machozi yalimlengalenga kwa furaha, akamwegemea begani walipokuwa wanapaa na kumwambia, "Nilikosea kukubishia, baba watoto. Bila wewe tungelala pale." Naye Dakika kila kofi alilolisikia lilimwingia kama limetua shavuni. Chakula kilipoletwa hakukigusa.

Walipotua walikimbia. Teksi iliwapeleka mbio, Mama Dakika kakaa mbele, akimsihi dereva kana kwamba dereva ndiye nahodha. Walipofika bandarini, mlinzi alizitazama tiketi zao, akazitazama nyuso zao, sauti ikamlegea.

"Ngazi imeshaondolewa, mama. Poleni sana."

Na kweli, meli ilikuwa inajitenga na gati, polepole, nyeupe, kubwa kama mtaa. Mama Dakika aliuliza kama wanaweza kuifuata bandari ya mbele. Mlinzi akamwambia bandari zote za mbele ni nchi za watu, na vibali vyao vya kuingia huko vinamhusu tu abiria aliyepanda meli hapa. Mama Dakika hakupiga kelele. Aliketi juu ya begi lake kubwa, akalikumbatia lile dogo.

"Aliyekisahau kile kioo," akasema taratibu, "Mungu anamwona. Sijamlaani mtu maisha yangu yote, ila huyo leo namlaani."

Dakika alitamani ardhi ipasuke. Ikaita simu yake. Ni meneja wa karakana, sauti ya furaha.

"Hongera sana, mzee! Umetuokoa. Sasa huyu Kimya nimeshamrudisha nyumbani. Anaapa kioo hakukigusa leo, analia tu kama mtoto. Nataka neno lako, kwamba ulikikuta chooni alikofanya kazi, nimalizane naye leo leo."

Neno lake! Angesema "ndiyo" tu, akabaki kuwa Dakika. Alimtazama mkewe pale juu ya begi, mgongo umeinama. Akapiga moyo konde, akasema kwa sauti ambayo mkewe asingeweza kukosa kuisikia.

"Mwite Kimya arudi kazini. Kioo kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikichukua mimi asubuhi, sikutundika kibati. Nilijua tangu mliponipigia, nikanyamaza. Chooni nilidanganya."

Meneja akasema wataongea atakaporudi. Mama Dakika hakugeuka mara moja. Alipogeuka, alimtazama mumewe kama mteja aliyeingia saluni kwa makosa.

"Ulikuwa nacho," akasema. "Nilipokushika mkono, ulikuwa nacho."

"Nilikuwa nacho."

"Nikakushukuru."

Machozi yalimtoka Dakika, na hata hayo aliyaonea haya, maana hayakuwa na faida kwa yeyote.

Simu ya Mama Dakika ikaita. Alifuta uso haraka, akaweka sauti ya nje.

"Mdogo wangu! Mmefika? Niko juu kabisa ya meli, nimeshika vyuma."

"Tumefika, dada. Tuko gatini. Tumechelewa kidogo tu."

"Usilie. Unalia? Usilie, mama. Ujumbe wako wa kwenye ndege nimesomewa, kwamba shemeji ndiye aliyekipata hicho kidude. Yuko hapo? Shemeji, ahsante sana. Bila wewe hata hapo msingefika. Nilijua tangu zamani mdogo wangu kapata mume."

Dakika alisogea, akafungua mdomo. "Shemeji, sikiliza. Mimi ndiye—"

Mkewe aliiziba simu kwa kiganja.

"Usithubutu," akamwambia kwa sauti ya chini. "Unataka upumue wewe, halafu yeye aende na uchungu huo baharini peke yake? Mwache na furaha yake. Kakushukuru. Pokea."

Akatoa kiganja. Dakika akaisogelea simu.

"Karibu, shemeji," akasema.

"Haya, simameni pamoja niwaone! Nipungieni wote wawili."

Mama Dakika alinyanyuka, akasogea ukingoni mwa gati, akainua mkono. Dakika naye akasimama ukingoni, lakini si karibu naye. Hakuthubutu, na mkewe hakumwita. Kati yao mkokoteni wa mizigo ungepita bila kumgusa mtu. Wakapunga. Meli ilishakuwa mbali, watu waliokuwa juu yake walikuwa nukta tu.

"Nawaona!" Dada Mkubwa akasema, sauti yake imejaa. "Wallahi nawaona vizuri kabisa. Mmeshikana mikono kama maharusi."

Mama Dakika hakuushusha mkono wake.

"Ndiyo, dada," akasema. "Tumeshikana."