Dakika Tano za Ruthu

Kila asubuhi, kabla uji haujapoa, Edina humwuliza mumewe swali lile lile: "Elieza, siku ile nilianguka kwa muda mrefu?"

Naye Elieza humjibu, "Kidogo tu, mke wangu. Kunywa uji."

Muongo huyo, na mwenyewe anajijua.

Siku yenyewe walikuwa wakipogoa mizabibu Makutupora. Edina ndiye aliyekuwa fundi. Wasichana wageni waliletwa kwake awaonyeshe pa kukata. Kifafa alikuwa nacho tangu utotoni, lakini kwa vidonge vya zahanati kilimjia mara moja moja, kikamtikisa dakika moja au mbili, kikamwacha. Kwa hiyo alipoanguka hakuna aliyeshtuka sana. Watu walirudi nyuma, wakamzunguka kwa mbali kama walivyofundishwa na mama zao: mwenye kifafa haguswi mpaka atulie mwenyewe, maana povu lake likikupata, ugonjwa umehamia kwako.

Elieza alikuwa ameambiwa vingine. Ruthu, muuguzi wa zahanati, alimwambia macho kwa macho: "Baba, hayo ya povu ni uongo. Mlaze ubavu. Na dakika tano zikipita hajatulia, usingoje, mlete." Aliitikia, akashukuru. Lakini kuambiwa ni kimoja, kunyoosha mkono ni kingine.

Alitoa simu akatazama saa. Dakika tano zikapita. Kumi zikapita. Mama Debora, mzee wa wapogoaji, akasema, "Mwache, baba, kinakaribia kumtoka." Akamwacha. Pikipiki ya msimamizi ilikuwa imeegeshwa hatua thelathini kutoka pale. Dakika ya arobaini ndipo dereva wa gari la maji, mtu wa kuja asiyejua miiko yao, alipowapita wote, akamnyanyua Edina na kumpakia. Povu lilimlowesha shati. Mpaka leo ni mzima, anaendesha gari lake.

Edina alilala hospitali siku kumi na moja. Aliyerudi ana sura yake tu. Anaburuza mguu wa kulia, anabandika sufuria tupu motoni, na humwita binti yao Miriam kwa jina la marehemu dada yake mwenyewe. Vidonge vimeongezwa na bado anaanguka. Mwaka ulipotimia, daktari alisema kwa huruma kwamba ambacho hakijarudi, wasikitegemee sana. Elieza hakukubali. Alimpa mkasi mbele ya mzabibu, akiomba moyoni walau mikono iwe inakumbuka. Edina alikata, akakata, mpaka likabaki gogo, kisha akamgeukia asifiwe. Alimsifu.

Juzi swali lilipokuja, Elieza alishindwa kuubeba tena uongo wake.

"Dakika arobaini," alisema. "Nilikuwa nimesimama pale, simu mkononi. Ruthu alishaniambia nisingoje. Niliogopa povu, sikukugusa. Nisamehe."

Edina aliweka kikombe chini. Alilia bila sauti, kilio cha mtu mzima anayeelewa alichonyang'anywa, na kwa muda ule alikuwa Edina wa zamani kabisa. Kisha akamshika mumewe mkono.

"Uliogopa," alisema. "Nimekusamehe."

Elieza alilia kuliko yeye. Siku ile alifanya kazi huku akiimba, jambo ambalo wenzake hawakulisikia mwaka mzima.

Kesho yake uji ulikuwa bado unafuka moshi.

"Elieza," Edina akasema, "siku ile nilianguka kwa muda mrefu?"

Alimtazama usoni akiutafuta msamaha wa jana. Haukuwapo. Angeweza kuuomba upya, na angeupata, leo na kesho na kila siku ya Mungu, ili mradi kila siku amlize mkewe kwanza.

"Kidogo tu, mke wangu," alisema. "Kunywa uji."

Akanywa, uji ukamchuruzika pembeni mwa mdomo mpaka kidevuni. Elieza akaufuta kwa kiganja kitupu.