Sindano ya Kidosho

Kidosho hakuwa kidosho hata kidogo. Alikuwa ng'ombe wa maziwa mwenye mwili wa kabati na kiwele kinachokaribia kuburuza chini. Jina lile alipewa na Mama siku alipokuwa ndama mchanga aliyefiwa, akinyonyeshwa kwa chupa ya soda. Na Mama huyu ni mama wa mume wa Daktari. Nasema mapema msije mkanichanganyia mambo: Daktari, huyu wa mifugo, ni mkwe wa nyumba ile, na banda la Mama ni mojawapo ya mabanda ambayo ofisi ya Daktari inafanyia utafiti.

Utafiti wenyewe si uchawi. Ng'ombe akizaa, maziwa yanayotoka yanazidi chakula anachoweza kula, basi mwili unaanza kujila wenyewe. Mafuta yanayeyuka, mbavu zinachomoza, sukari ya damu inashuka, na ovari nazo zinagoma. Kila wiki Daktari alimtoa Kidosho damu mkiani, akapima maziwa yake, akamwongezea chakula, akangoja aingie joto, yaani atake dume. Kidosho alikula, akakamuliwa, akamkodolea macho. Joto wapi!

Na shemeji, kaka wa mume, mtu asiye na subira hata ya kungoja chai ipoe, alishatamka kwamba banda halilishi wageni. Kidosho asiposhika mimba msimu huu, anaenda kwa muuza nyama. Mama alijibu, "Tutaona," kisha akaingia chumbani akalia. Daktari alimsikia kupitia ukutani. Tangu siku ile hakukaa hakusimama.

Basi fikiria furaha yake majibu ya damu yalipokuja, yamechelewa kwa sababu mashine ya maabara iliharibika, lakini yamekuja: homoni inayoonyesha ovari zimeamka imepanda, tena imepanda kweli kweli. Hatua inayofuata inajulikana. Unachoma sindano ya kuishusha homoni ghafla, siku mbili tatu ng'ombe anaingia joto, mtu wa mbegu, yule apandishaye kwa mrija bila dume, anaitwa na mtungi wake.

Ila kuna sharti, na Daktari mwenyewe ndiye anayewaimbia wageni wa ofisi sharti hilo: kabla ya sindano, ingiza mkono, pima mimba. Kwa sababu homoni hiyohiyo ndiyo inayoshikilia mimba, na sindano ikiikuta mimba changa inaitoa.

Lakini mimba ya nini, jamani? Mtu wa mbegu hajamgusa Kidosho tangu azae. Dume bandani hakuna, na utafiti umekataza dume. Glavu ndefu ya mwisho ilikuwa imechanika kwa ng'ombe wa kwanza, na Mkuu wa ofisi alikuwa anapiga simu bila kupumzika, anataka kundi zima lichomwe asubuhi ileile. Daktari akachoma. Kidosho hata sikio hakutikisa.

Mchana Mama akamwita jikoni, akafunga mlango, macho yanamcheka.

"Njoo nikunong'oneze, mwanangu. Lakini usinigombeze."

"Nani akugombeze wewe, Mama?"

"Kidosho ana mimba."

Daktari alikuwa ameshika bakuli. Akaliweka chini taratibu.

"Mimba ya wapi, Mama?"

"Ya dume la jirani! Si ulikuwa kwenye ile semina yako isiyoisha? Kidosho alipiga kelele siku nzima, anaparamia wenzake. Nikasema nikikungoja urudi, mwanangu, joto limekwisha. Nikampeleka. Tangu hapo kimya, hajarudia. Nilinyamaza nisije nikaambiwa nimeharibu utafiti wa watu. Sasa kamwambie shemeji yako, muuza nyama wake akanoe kisu kwingine!"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Daktari alifungua mdomo, na Mama alikuwa anamtazama kwa uso uliojaa furaha mpaka masikioni. Mdomo ukasema, "Hongera, Mama."

Ehe, hongera! Maana dawa ilikuwepo. Kwenye kabati la ofisi mna kifaa kidogo kinachowekwa ukeni mwa ng'ombe, kinatoa homoni ile ile iliyoshushwa. Kikiwahi, mimba huweza kunusurika. Lakini ufunguo anao Mkuu, na Mkuu hatoi kitu bila kuuliza ng'ombe gani na kwa nini. Halafu kukiweka kunahitaji mtu wa kushika mkia, na mtu huyo ni Mama.

Alikwenda. Alifika mpaka mlangoni kwa Mkuu.

"Kuna nini?" Mkuu akauliza.

"Nimesahau kalamu yangu."

Akarudi na kalamu. Kesho yake alizunguka banda mpaka ng'ombe wakachoka kumtazama. Akanawa mikono, akarudi, akanawa tena. Labda dawa ililala juani ikapoteza nguvu. Labda Mama amekosea, dume halikushikisha. Watu wa sayansi wakitaka kujidanganya, wanajidanganya kitaalamu.

Kesho yake tena, asubuhi, mtu wa mbegu alipita kukagua kundi, akapiga kelele huyo. "Amesimama! Daktari, Kidosho amesimama!"

Ni kweli. Mwenzake alikuwa amempanda mgongoni, na Kidosho katulia tuli, dalili kamili ya joto. Miezi mizima Daktari alikuwa ameingoja picha hiyo, na sasa akaipa mgongo. Mama alitoka na ndoo, akasimama.

"Ng'ombe mwenye mimba hasimami hivyo," alisema.

"Mimba gani, Mama?" Mtu wa mbegu alikuwa anacheka. "Daktari alimchoma juzi asubuhi aingie joto. Imejibu vizuri!"

"Usimpandishe," Daktari alimwambia. "Kizazi hakijatulia. Atangoja mpaka msimu upite." Kisha akamgeukia Mama. "Nilitakiwa kumpima kwanza. Sikumpima. Sikujua, Mama."

Mama aliikalisha ndoo chini. Akamtazama Kidosho.

"Hukujua," alisema. "Na mimi nilikuficha dume. Hilo tumelifanya wote." Alitaka kuinama aichukue ndoo, akasita. "Lakini juzi mchana nilikwambia."

"Uliniambia."

"Ukasema hongera."

"Nilisema."

"Mchana ule, kulikuwa na kitu cha kufanya?"

Angeweza kusema hapana. Mtu wa mbegu alishageuka, anahangaika na mtungi wake, na Mama angeamini.

"Kilikuwepo, Mama. Si cha uhakika. Lakini kilikuwepo, kabatini ofisini."

Mama hakulia. Daktari aliomba Mungu alie, au atukane, au amrushie ile ndoo. Mama aliiokota tu, akampita kwenda kwa Kidosho, akamsafisha kiwele kwa kitambaa kama kila siku.

"Kamwambie shemeji yako msimu umekwisha," alisema bila kugeuka. "Umwambie wewe mwenyewe. Mimi namkamua."

"Nitamwambia, Mama."

"Na ukitoka ufunge lango, Daktari."

Watu wote walimwita Daktari. Mama peke yake, tangu siku alipoolewa, alikuwa anamwita mwanangu.