Zamu ya Kulala

Ndege yetu ilikuwa iondoke saa moja asubuhi. Nasema ilikuwa, kwa sababu saa moja ilipofika sisi tulikuwa tumekaa kwenye viti vya chuma vyenye matundu, mbele ya mlango namba mbili, tukitazama ukungu kupitia kioo. Saa moja na nusu wakasema saa tatu. Saa tatu wakasema saa tano. Mimi ni mwokaji wa mikate, mwaka wa ishirini na mbili huu, na katika kazi yangu hakuna kitu kinachoitwa subirini kidogo. Unga ukishaumuka umeumuka, usipouingiza tanurini wakati wake unalala chini, na asubuhi wateja wanakutazama kama umewatukania mama zao. Kwa hiyo damu ilianza kunichemka mapema. Niliinuka mara mbili kwenda kumuuliza binti wa dawati, na mara zote mbili alinijibu kwa upole hadi nikaona haya.

Mke wangu hakuinuka. Yeye ni muuguzi, mtaa mzima unamwita Sista, na mimi pia namwita hivyo tangu siku niliyopelekwa wodini kwake nikiwa nimeungua mkono, hata hatujaoana. Mtu aliyezoea wagonjwa hagombani na saa. Aliweka begi lake mapajani akatazama mbele. Nilijua anawaza nini, maana na mimi nilikuwa nawaza hilohilo.

Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa amepata barua. Hospitali kubwa ya mji mwingine ilimtaka akawe mkuu wa wodi. Huo mji uko mwendo wa siku nzima kwa basi. Jibu lilitakiwa siku atakayorudi kazini kutoka likizo. Aliponionyesha ile barua nilimwambia afanye anavyoona inafaa, na nikajiona muungwana kweli. Mtu umpendaye humzibii njia, ndivyo nilivyojiambia, nikaenda zangu kukanda unga. Yeye aliikunja barua akairudisha kwenye bahasha, na tangu siku hiyo hakuitaja tena.

Binti yetu ndiye aliyeona mambo hayaendi. Yuko chuoni mwaka wa pili na ana ulimi wa bibi yake mzaa mama. Alitupangia safari ya siku sita, nyumba ya wageni kando ya ziwa, kisha akampigia simu kila mmoja wetu kivyake kumwambia kwamba mwenzake ameshakubali. Kumbe hakuna aliyekuwa amekubali. Ndivyo tulivyojikuta uwanjani, tuna siku sita za kujua kama bado ni mume na mke au ni wapangaji wa nyumba moja, na siku ya kwanza inaliwa na ukungu.

Lazima nieleze tulivyokuwa tukiishi. Mtoto wetu alizaliwa kabla ya siku zake, na kifua chake hakikuwa cha kuaminika. Hatukuwa na wa kumwachia. Tukagawana saa: mimi nioke usiku, Sista afanye kazi mchana, ili nyumbani kila wakati awepo mmoja wetu. Na siku zile chache tulizokuwa wote nyumbani, Sista aliweka sheria ya wodini: mmoja alale, mwingine akae macho amsikilize mtoto anavyopumua. Tulikuwa tunakutana mlangoni, mimi naingia na unga kwenye nyusi, yeye anatoka na viatu vyake vyeupe mkononi, tunakabidhiana mtoto kama watu wa mbio za kupokezana.

Mtoto akapona, akakua, akaenda shule, akaenda chuo. Zamu zikabaki palepale, hata siku za mapumziko. Kwenye meza ya jikoni kulikuwa na daftari, anayetoka anamwandikia anayeingia. Zamani liliandikwa mambo ya maana: amekula nusu, homa imeshuka, ameuliza kwa nini mwezi unatufuata. Siku hizi ukilifungua unakuta, gesi inakaribia kuisha. Na chini yake, kwa mwandiko wangu: sawa.

Sasa mtu wa namna hiyo mkalishe uwanja wa ndege na mkewe, hakuna unga, hakuna mgonjwa, hakuna mlango wa kutokea. Nilikwenda kibandani kununua chai mbili na mkate. Yake nikaitia sukari vijiko vitatu, kama ninavyomjua. Akaonja, akaishika tu mikononi. Nilipomuuliza akaniambia, kwa upole kuliko nilivyostahili, kwamba ameacha sukari tangu mwaka juzi. Mwaka juzi! Nikanywa yake nikampa yangu isiyo na sukari. Nikaanza kuusema mkate wa pale kibandani, kwamba ni wa juzi, kwamba aliyeuoka alikuwa na haraka na ndiyo maana katikati umekaa vile. Sista akausikiliza ule mhadhara mpaka mwisho. Halafu akauliza kama kidole changu cha gumba bado kinauma asubuhi. Kilipona muda mrefu. Tukatazama ukungu.

Ukungu uliondoka saa tano. Hapo wakagundua ndege ina hitilafu ndogo. Hitilafu ilipokwisha, ikawa saa saba na rubani amemaliza saa zake, lazima aletwe mwingine, kwa sababu sheria hairuhusu mtu aliyechoka kurusha ndege. Sista alicheka peke yake. Akasema kumbe kuna kazi ambayo ukichoka unaambiwa ukapumzike. Alikuwa ameunga zamu mbili, mchana na usiku, ili kumlipia muuguzi mwenzake siku za likizo, na mimi nilikuwa nimetoka moja kwa moja kwenye meza ya kukandia. Kati yetu sote wawili hapakuwa na mtu aliyeona kitanda tangu juzi.

Ndipo akasema tufanye zamu. Ilikuwa rahisi, na nadhani sote tulishukuru kupata kitu tunachokijua. Nilianza kulala mimi, saa nzima, kichwa nyuma na mdomo wazi, yeye akisikiliza vipaza sauti. Saa nane akaniamsha kwa kunigusa bega, akaketi wima kabisa na kunikabidhi.

"Mabegi mawili, hali nzuri," alisema. "Bibi wa kiti cha mbele, presha juu kwa sababu ya mwanawe anayempigia simu kila dakika tano. Mtoto mchanga kule pembeni, ameshanyonya, usingizi mzuri. Ndege, hali haijabadilika, endelea kumwangalia."

"Nimepokea," nikamwambia.

Tukacheka. Ilinichoma kidogo, maana niligundua nimeusahau ule mcheko wake, unavyoanzia puani. Nikatamani kuongea juu ya barua. Nikafungua mdomo, nikauliza kama anasikia baridi. Akasema hapana. Akafumba macho, na baada ya dakika chache kichwa chake kikayumba, kikatafuta pa kuegemea, kikaja begani kwangu.

Usione ni jambo dogo. Mimi nimemwona Sista amelala mara nyingi kuliko nilivyomwona akiwa macho. Nimefungua mlango wa chumba taratibu nikamwona amejikunja, nikachukua shati langu nikatoka. Lakini kuegemewa ni kitu kingine. Kichwa chake kilikuwa kizito, kizito vizuri, nywele zikinukia sabuni ya hospitali. Karibu na sikio alikuwa na mvi ambazo sikuwahi kuambiwa habari zake. Nilikaa pale mtu mzima wa miaka hamsini kasoro, mbele ya watu, nikizihesabu zile mvi.

Usingizi nao ulikuwa unanijia. Mwokaji ana dawa moja tu ya usingizi, kusimama. Ndiyo maana kiwandani kwetu hakuna kiti hata kimoja. Anayekaa amelala, na aliyelala ameunguza. Usiku wowote ule nikisikia macho yananisaliti nasimama, natembea hatua kumi kwenda kumi kurudi, kwisha. Pale uwanjani nilijua kabisa ninachotakiwa kufanya. Lakini nikisimama, kichwa chake kitaanguka na ataamka. Nikasema nitasimama baada ya dakika tano. Nikajifinya. Nikahesabu vigae vya sakafu mpaka kwenye nguzo. Nikasema dakika tano nyingine, mwache kwanza, amechoka mno.

Niliposhtuka, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa ukumbi. Shavu langu lilikuwa limelala juu ya kichwa cha mke wangu. Bibi wa presha hayupo. Mtoto mchanga hayupo. Viti vyote vya mlango namba mbili vilikuwa vitupu, na mama mmoja wa usafi alikuwa anapiga deki kutuzunguka, ameacha duara kavu kwenye miguu yetu.

Nilimuuliza kwa sauti ya chini watu wameenda wapi. Akaniambia wamehamishiwa mlango namba saba, kule mwisho, na ndege imeondoka saa tisa na nusu. Walitangaza mara tatu. Yeye mwenyewe alidhani tunasubiri ile ya jioni. Akasema alitaka kutuamsha apate kupiga deki chini ya viti, ila tulikuwa tumelala vizuri mno, akaona aibu.

Saa ilikuwa kumi na robo. Moyo ulinishuka mpaka kwenye soksi. Nilikuwa nimepewa kazi moja. Muuguzi akilala zamu, mgonjwa anakufa, Sista alisema hivyo maisha yake yote, na wauguzi wake wanamwogopa kwa hilo. Siku ya kwanza nimeipoteza kwa mkono wangu mwenyewe, na mtu ambaye tayari ana bahasha ya ile barua kwenye begi lake alikuwa anaamka sasa hivi begani kwangu.

"Ndege imeondoka," nikamwambia kabla hajauliza. "Ilikuwa zamu yangu. Nimelala."

Alitazama viti vitupu. Alitazama ubao wa safari, akanitazama mimi, shavu langu bila shaka limechorwa mistari ya nywele zake.

"Umelala? Na mimi nikiwa nimelala?"

"Ndiyo."

"Wote wawili?"

Nilisema ndiyo, wote wawili, nikaanza kuomba radhi, kwamba nitakwenda dawatini, kwamba nitaongea nao, lakini hakuwa ananisikia. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nilipofurahi kwamba anacheka nikaona machozi yanamtoka. Akafuta uso kwa ncha ya kitenge chake. Akasema tangu mtoto azaliwe hatujawahi. Miaka kumi na tisa. Hakuna hata siku moja tuliyolala wakati mmoja.

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Nilirudi nyuma kichwani, mwaka kwa mwaka, nikitafuta angalau siku moja ya kumpinga, na sikuipata.

Nilikwenda dawatini kwa sababu miguu ilitaka kufanya kitu. Yule binti mpole aliangalia kompyuta yake, akasema ya jioni imejaa, akatuweka kwenye ndege ya kesho saa nane mchana, akanipa pole. Nilirudi na zile karatasi mbili. Sista alikuwa palepale, amevua viatu, amekunja miguu juu ya kiti.

"Kwa nini hukusimama?" akauliza. "Wewe usingizi ukikujia husimama."

"Ningesimama ungeamka."

Mama wa usafi alikuwa amefika mbali na ndoo yake, na pale tulipokuwa palikuwa kimya, kimya ambacho watu wawili wakiwa peke yao lazima mmoja akivunje, na kwa miaka yote hiyo mimi nilikuwa namwachia yeye, au namwachia daftari. Nilikaa. Nilishika mkono wake wenye ngozi kavu ya kunawa mara mia kwa siku. Nilikuwa naogopa kuliko siku niliyomposa.

"Ile barua," nikamwambia. "Nilikwambia ufanye unavyoona. Nilikudanganya. Mimi sitaki uende bila mimi. Ukikaa, tukae. Ukienda, twende. Lakini bila mimi, sitaki."

Sista alinitazama muda mrefu, vile anavyomtazama mgonjwa aliyekuwa hasemi akasema. Kisha akasogea, akarudisha kichwa chake begani kwangu, akafumba macho.

"Sema tena," akasema. "Nilikuwa bado sijaamka vizuri."

Nikasema tena.